Salamu za Veronika Ndani ya ombi.pl

Nasikia mnanicheka, wanangu. Wala msijisumbue kukana. Ukuta wa ofisi ya kompyuta ni wa mbao, na mimi nimestaafu kazi, masikio hayajastaafu. Mliifungua ile seva ya zamani iliyoko kwenye kona, mkakuta skripti ya Perl inaitwa ombi.pl, na mmoja wenu, huyo Kelvin mwenye kofia inayotazama nyuma, akasema, "Hii si programu, hii ni makumbusho." Wote mkacheka. Hongera sana, Kelvin. Makumbusho hayo yamekuwa yakipokea maombi ya gari la wagonjwa tangu wewe ukifungiwa kamba za viatu na mama yako, na sijawahi kuyasikia yakisema kwamba leo hayajisikii.

Sasa mmenialika nije kuwapa uzoefu kabla hamjaizima. Mmeninunulia na soda. Nashukuru, ingawa ni ya moto.

Swali lenu la kwanza lilikuwa zuri, sijui lilitoka wapi. Mliuliza kwa nini katikati ya skripti kuna maelezo yamekaa peke yake, hayaelezi chochote: # Acha mtu amalize. Mnataka kujua kama yanafutika. Nitawaambia. Lakini ni habari ya mama mmoja wa upande wa Getanuwas aliyekuwa na mimba, uchungu umemkamata vibaya, anasubiri gari. Na gari lilikuwepo. Lina mafuta, matairi mazima, dereva ameshiba. Halikwenda kwa wakati. Kwa hiyo Kelvin, hiyo simu iweke mezani, na uso wake uangalie chini.

Mimi sikuzaliwa na Perl. Niliajiriwa hospitali, sitaitaja jina maana bado wananilipa heshima, nikiwa karani wa mapokezi. Nilikuwa binti wa Mbulu mwenye cheti cha kuchapa na mdomo mrefu. Aliyenitoa mapokezi akaniingiza chumba cha kompyuta ni Bwana Rashidi, mtu wa Tanga aliyehamishiwa huku kwetu, nadhani kuna mtu alimkosea huko. Baridi ilimshinda tangu wiki ya kwanza. Alivaa sweta mbili na koti, na mwezi wa Juni juu ya vyote hivyo alijifunga shuka jekundu alilonunua mnadani. Wagonjwa walimwamkia wakidhani ni mzee wa boma aliyekuja kumwona ndugu yake wodini.

Somo lake la kwanza lilikuwa hili. "Paskalina, kila ombi linalotoka nje ni mgeni. Mkaribishe, mpe kiti. Ufunguo wa stoo usimpe." Alikuwa na maana kwamba usichukue jina la faili alilokutumia mtu ukaenda kufungua faili hilo hivyo hivyo, kwa sababu mtu anaweza kukuandikia nukta mbili na mkwaju, nukta mbili na mkwaju, akapanda folda moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye nywila zenu. Ninyi mtasema siku hizi kuna maktaba zinazozuia hayo. Ndiyo, na nyumba zenu zina milango, lakini nimewaona mkitoka mchana mkiiacha wazi.

Wakati ule kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, kwa maneno. Kila zahanati ilipewa simu na mradi fulani. Nesi anafungua ukurasa wetu, anajaza jina la zahanati, anaandika ujumbe, akitaka anaweka na picha, anabonyeza Tuma. Skripti ya Perl inapokea, inaandika kwenye faili, na ujumbe unatokea kwenye kioo kilichoko chumba cha madereva. Kupiga simu kulishindikana. Huko tambarare mtandao ulikuwa wa kuvizia, sauti inakatika kabla hujamaliza haloo, lakini ukurasa mdogo usio na mapambo unapenya. Msicheke ule ukurasa mweupe wenye maandishi meusi. Huo wenu wenye video ya mlima inayocheza kwa nyuma ungekuwa bado unafunguka mpaka leo.

Mambo ya kukutoa machozi yalikuwa madogo madogo. Baada ya ule mstari wa kwanza wa jibu, Content-type, unaacha mstari mtupu, usipouacha seva inakutupia kosa la 500 na haikuambii limetoka wapi. Faili umeliandika vizuri kabisa, umesahau kulipa ruhusa ya kutekelezwa, 500. Umeliandika kwenye Windows ukalihamisha, limebeba alama zisizoonekana mwisho wa kila mstari, 500. Kulikuwa na siku nilikuwa nikiota namba hiyo. Bwana Rashidi akija asubuhi ananiuliza, "Umeamkaje?" namwambia mia tano.

Halafu mafaili. Simu za mradi zote zilikuwa mpya, za aina moja, na kila moja picha yake ya kwanza iliipa jina lile lile. Skripti nayo kwa utiifu ikawa inahifadhi picha kwa jina ililotumwa nalo. Daktari akafungua picha ya kidonda cha mguu cha mzee wa Hirbadaw akakuta jino la mtoto wa Balangdalalu. Alikuja na kompyuta yake mkononi akauliza kwa upole kama wazee wa Hirbadaw wana meno miguuni. Kuanzia siku hiyo jina la faili tulilitunga wenyewe, la mtumaji tukaliweka pembeni kama kumbukumbu tu.

Na msidhani ni wanafunzi tu walioharibu. Mwalimu wangu mwenyewe, katika kufungua faili la maombi, aliwahi kuweka mshale mmoja badala ya miwili. Mishale miwili inaongeza chini ya yaliyopo. Mmoja unafuta kila kitu unaanza upya. Kwa hiyo kila ombi lililoingia lilifuta lililotangulia, na jioni hospitali nzima ilikuwa na ombi moja. Mganga mfawidhi akatupongeza kwamba afya ya wananchi inaboreka. Bwana Rashidi alipokea pongezi, akarudi chumbani, akafunga mlango, akacheka mpaka akajifunika shuka usoni.

Kuhusu maombi mawili yanayoingia kwa pamoja, Perl ina kitu kinaitwa flock. Hicho ni komeo la choo. Aliye ndani anafunga, wa nje anangoja, akitoka mwingine anaingia. Usipofunga, usilalamike ukiingiliwa. Somo hilo nililielewa papo hapo, na sijaona kitabu kilicholieleza vizuri zaidi.

Haya. Sasa harusi.

Mtu mmoja kwenye zahanati moja, namfahamu na yeye anajifahamu, alitumia sehemu ya kuweka picha ya mgonjwa kupakia video nzima ya harusi ya binamu yake. Alitaka kumtumia rafiki yake hapa hospitali, akaona ukurasa upo, kwa nini usitumike. Ngoma, keki, wazee wakitoa nasaha, yote yakamiminika ndani ya seva mpaka diski ikajaa pomoni. Maombi yaliyofuata yakawa yanaandikwa mafaili matupu. Tulifuta ile harusi, Bwana Rashidi akaapa kwamba haitatokea tena. Akaweka kikomo cha ukubwa wa ombi. Hapo alifanya sawasawa, nanyi fanyeni hivyo hivyo, mtu asiwe na uwezo wa kuwaletea ng'ombe mzima sebuleni.

Tatizo ni kwamba hasira ilikuwa haijaisha. Na Lohay, dereva wa gari la wagonjwa, akachagua siku hiyo hiyo kulalamika. "Mzee, mimi ni dereva. Kioo kile kinanijazia maneno kama mtihani wa kidato cha nne. Niandikiwe kifupi." Bwana Rashidi akasema sawa, kifupi mtakipata. Akaandika mstari mmoja tu wa Perl:

$ujumbe = substr($ujumbe, 0, 160);

Herufi mia na sitini za mwanzo, basi. Kama meseji ya simu, alisema, mwenye shida ya kweli zinamtosha. Na mstari huo akauweka katikati ya skripti, kabla ujumbe haujaandikwa kwenye faili. Maana yake, kilichokatwa hakikubaki popote. Hakikuwa kwenye kioo, hakikuwa kwenye faili, kilipotea hewani.

Yaani jamani, mtu wa Tanga! Watu ambao wakikutana njiani wanaulizana hali mpaka walichokuwa wakiendea kinafungwa! Huyo ndiye aliyekata. Nilipomuuliza alisema kwao wanasalimia watu, mashine haisalimiwi. Alisahau kitu kimoja, wala si kidogo. Alipokuwa anazunguka kwenye zahanati kuwafundisha manesi kutumia ukurasa, aliwaona wanaogopa, akawatia moyo. Akawaambia, "Msiogope kompyuta. Mkiandika, jueni mnaniandikia mimi, mzee wenu." Wakafurahi sana. Wakaamini.

Manesi waliotoka mikoa mingine hawakuwa na shida. Wao waliandika kama wanatupa mawe: mgonjwa, homa, degedege, leteni gari. Lakini kwenye zahanati ya kule upande wa Getanuwas alikuwepo Veronika, binti wa wafugaji wa huko huko tambarare, aliyesomeshwa na ukoo mzima na kurudi kuhudumia kwao. Kwao, ukienda kwa mzee na shida, huanzi na shida. Unamwamkia. Unauliza nyumba, watoto, mvua, malisho, mifugo. Yeye anakujibu, anakuuliza na wewe. Ndipo unasema kilichokuleta. Ukianza na shida moja kwa moja umemtukana, na umejitukana mwenyewe kwamba hukulelewa. Sisi Wairaqw wa Mbulu hatuko mbali na hapo, mimi mama yangu angenichapa kwa kusema "naomba chumvi" kabla ya shikamoo.

Asubuhi ile ilikuwa ya masika. Mstari wa Bwana Rashidi ulikuwa bado mpya, haujamaliza hata wiki. Kwenye kioo cha madereva likaingia hili, nami ninalo kichwani mpaka nife:

"Shikamoo baba. Habari za hapo kazini? Habari za mama na watoto nyumbani? Huku kwetu hatujambo, mvua imenyesha, malisho yapo, ng'ombe wanapata maji. Baba, nina m"

Lohay akasoma. Akafurahi kusikia mvua imenyesha, ana shamba la mahindi upande huo. Akawaambia wenzake, "Veronika anasalimia. Ana m, sijui maziwa, labda atatuletea." Akaenda kunywa chai.

Na wakati huo huo, kule Getanuwas, Veronika amepanda juu ya mwamba nyuma ya zahanati ambako ndiko mtandao unashika, simu yake imemwonyesha jibu. Skripti ilikuwa inajibu yenyewe kila ujumbe ukiandikwa kwenye faili: Ombi lako limepokelewa. Asante. Maneno ya adabu kabisa. Akashuka mwambani akikimbia, akawaambia ndugu za yule mama kwamba gari linakuja. Kulikuwa na trekta la jirani limesimama pale, mwenye trekta amejitolea kumbeba mgonjwa kwenye tela mpaka barabara kubwa. Veronika akamshukuru, akamwambia baba nenda tu ukalime, hospitali wamepokea. Trekta likaondoka.

Hapo sitanii, wanangu.

Mimi niliingia chumba cha madereva baadaye kufuata kikombe changu, na nikakuta la pili ndiyo kwanza limeingia:

"Shikamoo tena baba. Samahani sana kwa kukusumbua, najua una kazi nyingi. Mama hajambo bado? Watoto je? Poleni na baridi ya huko. Huku tunavumilia. Baba, lile om"

Nikauliza, "La kwanza lilisemaje?" Lohay akanionyesha, huku anatafuna. Nikasoma moja, nikasoma la pili. Asubuhi hatujambo. Sasa tunavumilia. Mtu wa huku akikuambia anavumilia, jua amekwisha kulia. Na hakuna anayemwamkia mzee mara mbili asubuhi moja kwa kupenda kusalimia. Nikakimbia nikamleta Bwana Rashidi, shuka likiburuzika.

"Veronika ana mgonjwa mahututi," nikamwambia.

Akasoma. "Wapi amesema?"

"Hajasema. Anasalimia."

"Paskalina, kusalimia si ugonjwa."

"Bwana Rashidi, mtoto yule amekuamkia mara mbili. Kadiri salamu inavyokuwa ndefu ndivyo shida inavyokuwa nzito. Hili ni zito mpaka limeshindwa kuingia kwenye herufi zako mia na sitini!"

Nilipiga kelele. Mimi, kwa mtu mzima, mbele ya madereva. Akaitazama ile "om" mwishoni. Nikaona uso wake unabadilika rangi, na kwa mtu wa Tanga aliyeganda na baridi hilo si jambo dogo. Alikuwa ameuona mkasi wake mwenyewe.

Tukapiga simu. Haipatikani, bila shaka, Veronika ameshuka mwambani yuko na mgonjwa. Tukafungua faili, kuna yale yale yaliyokatwa. Lohay naye akasimama kwenye kanuni, na sikumlaumu, kanuni zilikuwepo: gari haliondoki bila sababu ya safari kujazwa kwenye ukurasa, na sababu haipo. "Nikifika nikakuta hakuna mgonjwa, na huku nyuma akatokea mwingine Hirbadaw, nani ataulizwa? Mzee, niandikieni sababu."

Bwana Rashidi akaketi. Akafungua ukurasa wetu kama nesi yeyote. Kwenye zahanati akaandika Getanuwas. Kwenye ujumbe, kama sababu ya safari, akaandika neno moja: Salamu. Akabonyeza Tuma. Kioo kikaonyesha, Lohay akasoma kwa sauti, akamtazama Bwana Rashidi, akamtazama tena. Kisha akachukua ufunguo na kutoka mbio. Daktari wa zamu alipouliza gari linakwenda kufuata nini, nilimwambia linakwenda kuitikia. Akaniona nimechanganyikiwa, lakini alimpa nesi wa wodi ya wazazi ruhusa ya kupanda.

Masika, udongo mweusi wa kule chini mnaujua. Unashika tairi kama unalidai. Gari lilikwama, likasukumwa, likakwama tena. Bwana Rashidi alikwenda akasimama getini na hakutoka hapo. Mvua ilimnyeshea na shuka lake, nikampelekea mwavuli, akaushika bila kuufungua.

Gari lilirudi alasiri. Wakamteremsha yule mama kwenye machela, yuko hai, macho yamezama, wakamkimbiza moja kwa moja chumba cha upasuaji. Veronika akashuka mwishoni. Gauni lake jeupe halikuwa jeupe tena. Mikononi alikuwa amebeba kitu kidogo kimefungwa vizuri kwenye khanga, na alivyokibeba nilijua hakilii na hakitalia.

Akamwona Bwana Rashidi getini. Akasimama mbele yake, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Mama hajambo nyumbani?"

"Hajambo."

"Watoto?"

Bwana Rashidi akakitazama alichobeba. Veronika akamngoja. Hakumharakisha, alisimama na ile khanga mikononi akamngoja mzee wake ajibu, kama alivyofundishwa.

"Hawajambo," akasema mwishowe.

"Tunashukuru. Baba, mama tumemfikisha. Mtoto tumempoteza njiani." Halafu akauliza, wala si kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira, "Ujumbe wangu haukufika?"

"Zilifika salamu," Bwana Rashidi akasema.

Veronika akafikiri. "Sasa baba, ningeanzaje?"

Yule mama alipona. Alikaa wodini mpaka akapata nguvu, akarudi kwao, baadaye alijaliwa watoto wengine, na mmoja alizaliwa hapa hapa. Huyo wa kwanza hakupewa jina. Nimewahi kuwasikia watu wakisema mambo ya kompyuta ni mambo ya mashine tu. Wangekuja kusimama getini pale.

Jioni ile ile Bwana Rashidi alifungua ombi.pl, akaufuta ule mstari wake wa substr, na mahali pake akaandika hayo maelezo mliyoyakuta. Kisha akaondoa "Ombi lako limepokelewa." Hilo nataka mlisikie vizuri kwa sababu mnalirudia kila siku kwenye vitu vyenu vya kung'aa. Skripti ikishaandika faili, kilichopokelewa ni faili. Mtu hajapokelewa. Kwa hiyo akaweka maneno mengine: Ujumbe umehifadhiwa, bado haujasomwa. Na yalibadilika tu pale binadamu mwenye jina alipobonyeza kwamba amesoma mpaka mwisho na gari limetoka. Manesi walilalamika kwamba maneno hayo yanatia hofu. Akasema vizuri, yatie, mwenye trekta asiondoke.

Mganga mfawidhi alimwita ajieleze kwa nini gari la serikali lilikwenda Getanuwas kwa sababu ya salamu. Alikwenda, akajieleza, akasema na mengine ambayo hakuulizwa, kwamba mkasi ulikuwa wake. Alirudi na barua ya onyo. Aliibandika ukutani juu ya kompyuta yake, na ilikuwepo pale mpaka alipohamishwa kurudi kwao kwenye joto.

Veronika aliendelea kuandika vile vile. Shikamoo, nyumba, watoto, mvua, malisho, ng'ombe, halafu mgonjwa. Hatukumwambia apunguze. Lohay ndiye aliyebadilika. Akiona neno Shikamoo kwenye kioo anawasha gari kwanza, anaendelea kusoma injini ikiunguruma. Siku moja aliwasha gari hivyo, akasoma mpaka mwisho, akakuta Veronika anawatakia Krismasi njema. Alizima, akasema Amina, akaenda kumalizia chai yake.

Basi hiyo ndiyo habari ya maelezo yenu yasiyoeleza chochote. Perl mnaweza kuizima, mimi sitalia. Imechoka, na mimi nimechoka, na mmesema kweli kwamba ina mistari ambayo hata aliyeiandika angehitaji miwani. Andikeni kwa lugha mnayoitaka.

Lakini jana Kelvin alikuja kunionyesha hiyo app mpya, akiwa na furaha, maskini, amefanya kazi kweli na rangi zimepangika. Akanipa simu akasema, "Mama, jaribu wewe mwenyewe, omba gari." Nikavaa miwani. Nikakuta kisanduku cha ujumbe, chini yake kaandika kwa rangi ya kijani: tafadhali kwa kifupi. Nikaanza kuandika ninavyojua mimi. Shikamoo baba. Habari za hapo kazini? Habari za mama na watoto nyumbani? Nikafika kwenye mvua, kisanduku kikagoma. Kila ninachobonyeza hakiingii. Nikabonyeza Tuma, ikaja alama kubwa ya kijani, nzuri sana, na chini yake: Ombi lako limepokelewa.

Kelvin akapiga makofi. Akasema, "Umeona, Mama? Imefika!"

Imefika, mwanangu. Hiyo simu bado unayo hapo mezani. Igeuze, fungua ujumbe wangu, usome kwa sauti mbele ya wenzako, halafu uniambie naumwa nini.